Kufunga ndoana za jigi zihimili meno ya nguru na mzia

Jigi, kile chambo bandia cha risasi, ikirudi juu bila ndoana, usikimbilie kufunga nyingine. Shika kipande kilichobaki, kilete karibu na jicho, ukisome. Kigwe kilichokatwa mshazari, nyuzi zote zimeishia mahali pamoja kama zimepitiwa na wembe: hiyo ni kazi ya nguru. Kigwe kilichochanika, nyuzi nyingine ndefu nyingine fupi, zimefumuka kama pamba, kimesagwa na mwamba au na taya za samaki anayetafuna badala ya kukata, kama chewa. Nailoni iliyojiviringa ncha kama mkia wa kinyonga haikukatwa na mtu, fundo limeteleza. Waya uliokatika penye kona ulikuwa umeshajikunja kabla ya samaki kufika. Na ukiona kile kibomba cha kubania waya kipo kizima lakini kitupu, waya ulichomoka, na kosa ni la mkono uliobana.

Usomaji huu ni wa lazima kwa sababu dawa ya kila ugonjwa ni tofauti, na dawa ya mmoja huzidisha mwingine. Ukitia waya mnene kwa sababu umepoteza jigi tatu, kumbe fundo lako ndilo lililoteleza, utapoteza ya nne vilevile, tena samaki watakuwa wamepungua kuigusa.

Ndoana za jigi zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa, zile zinazoning'inia juu ya kichwa cha jigi kwa kigwe kifupi, asili yake ni mtindo wa Japani, na kigwe kile kilikusudiwa samaki anayefyonza: kolekole, chewa, changu, tembo. Samaki wa namna hiyo hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia, ndoana nyepesi ikaingia pamoja na maji. Kwake ulaini ndio kila kitu. Nguru hafyonzi. Anakuja kwa kasi, anafunga taya mbili kama mkasi, anaondoka, kisha anageuka kuokota vipande. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, yamepangwa bila nafasi. Mzia ana meno marefu yasiyolingana, mengine kama sindano ya kushonea gunia, na hushika kabla ya kukata. Papa hukata huku akitikisa kichwa. Wote watatu wapo mwambani Malindi, wapo nje ya Shela na Kiwayu, na mara nyingi wapo mahali pamoja na kolekole uliyemfuata.

Muuzaji atakwambia kigwe hiki ni cha Kevlar, nyuzi ngumu za kiwandani, kinabeba ratili 200, hakikatiki. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nguvu ya kuvuta na nguvu ya kustahimili makali ni vitu viwili. Jaribu nyumbani: ulegeze uzi wa kusuka mezani, upitishe wembe juu yake bila kukandamiza, utaona unachubuka tu. Sasa ufunge kwenye mlango, uvute ukaze kama gambusi, uguse kwa wembe uleule. Utakatika kwa sauti. Nyuzi zikikazwa, kila moja inayokatwa inaiachia mzigo jirani yake ambaye naye keshaguswa. Samaki aliyenasa ndiye anayekukazia uzi, na meno yapo pale pale. Kuongeza unene wa kigwe kunakupa sekunde chache za ziada. Kinachozuia jino ni chuma.

Lakini chuma kisitiwe kila mahali. Kitie panapofikiwa na meno tu, na pengine pote pabaki laini. Panapofikiwa ni patatu: kati ya ndoana na pete yake, kati ya pete ya chini na ndoana ya mkiani, na kipande kifupi cha mshipi juu ya kichwa cha jigi. Zaidi ya hapo unaharibu mchezo wa jigi bure.

Vifaa

Waya wa kwanza wa kuwa nao ni wa nyuzi 49: vishada saba vilivyosokotwa, kila kishada na nyuzi saba. Ni chuma kisichoshika kutu upesi, kinapinda kama kamba, hakikunjiki kirahisi. Kwa jigi za gramu 100 hadi 200 chukua ule ulioandikwa ratili 135, karibu kilo 61. Wa ratili 90 unatosha kwa nguvu, ila nyuzi zake ni nyembamba mno na mzia akishika na kutafuna huzikata moja moja hadi waya unafanana na brashi.

Wa pili ni waya wa uzi mmoja, mgumu, wa unene wa milimita 0.46 hadi 0.5. Huo hautafuniki kabisa na ni mwembamba kuliko wa nyuzi 49 wa nguvu ileile, kwa hiyo samaki hauoni sana. Kasoro yake ni kujikunja. Ukipata kona moja, umekwisha.

Waya wa nyuzi saba uliopakwa plastiki unapatikana kwa urahisi na unavutia kwa sababu unafungika hata kwa fundo. Kwa ndoana za jigi hatuupendekezi. Nguru mmoja anaichana ile plastiki, maji ya chumvi yanaingia chini yake, na kutu inafanya kazi mahali ambapo jicho halifiki. Waya wa breki ya baiskeli nao uache kwenye baiskeli. Una unene wa milimita moja na nusu, hauwezi kupinda kwa urefu wa sentimita sita, na ndoana itasimama kama msumari.

Slivu, yaani vile vibomba vya kubania, ziwe za shaba na ziwe za matundu mawili yaliyoungana, sura ya namba nane. Slivu za alumini ni laini na rahisi kubana, lakini alumini ikigusana na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi huliwa upesi, ikageuka unga mweupe. Ukubwa wake uwe ule ambao waya unaingia mara mbili bila kulazimisha na bila kucheza. Ukiona nafasi ya kupenya waya wa tatu, slivu hiyo ni kubwa.

Ndoana za shina fupi, tundu kubwa, chuma cha kawaida kilichopakwa bati, namba 5/0 hadi 7/0. Kipimo halisi kisiwe namba, kwa sababu kila kiwanda kina namba zake. Laza jigi ubavu ndani ya uwazi wa ndoana, kati ya ncha na shina. Jigi ikijaza uwazi wote, ndoana itajibana yenyewe kwenye jigi na kurudi juu imeikumbatia. Ibaki nafasi ya kidole kidogo. Ndoana za chuma cha pua tunaziacha: ncha yake inalegea haraka, na samaki akiondoka nayo mdomoni inakaa naye muda mrefu.

Kisha pete nzima zisizo na mwanya, za kilo 80 kwenda juu, pete za kufunguka za mizunguko miwili, kama zile za kushikia funguo, za kilo 50 kwenda juu, mpira mwembamba unaosinyaa kwa moto, supagluu, kalamu ya wino isiyofutika, koleo la kubania slivu, koleo la kukatia waya, na koleo la mdomo mrefu. Koleo la kubania ni kifaa cha peke yake. Plaizi ya fundi umeme haibani slivu, inaiponda.

Ndoana ya kichwani, kwa waya wa nyuzi 49

Kata waya sentimita 20. Kata kwa mkupuo mmoja ili nyuzi zisifumuke; zikifumuka, dondoshea tone la supagluu kwenye ncha, ngoja ikauke, ndipo ukate tena juu ya gundi. Ncha iliyofumuka hata nyuzi mbili haitaingia vizuri kwenye slivu, na zile mbili zilizobaki nje ndizo zitakazokuchoma kidole baharini.

Vesha slivu kwenye waya, pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, irudishe ndani ya tundu la pili la slivu mpaka itokeze milimita mbili upande wa pili. Vuta taratibu hadi kitanzi kibaki kidogo, kama milimita tano. Kitanzi kikubwa kinazunguka ndoana na kuibana ubavuni. Kitanzi kilichokazwa hadi mwisho nacho ni kibaya, kwa sababu waya unapinda kwa ukali juu ya ukingo wa tundu na hapo ndipo nyuzi zitakapoanza kukatika. Ndoana lazima ipepee kama bawaba iliyotiwa mafuta.

Sasa kubana. Weka slivu kwenye koleo ili mdomo wa koleo uguse katikati ya slivu, uache milimita moja kila mwisho bila kubanwa. Milimita hizo mbili ndizo watu wengi wanazozipuuza. Slivu ikibanwa mpaka ukingoni, ukingo wake unageuka kisu kinachokata waya polepole kila jigi inapopanda na kushuka, na utalaumu meno ya samaki kwa kazi iliyofanywa na koleo lako. Ikibanwa sawasawa, ncha zake mbili zinabaki zimefunguka kidogo kama mdomo wa tarumbeta. Slivu fupi inatosha kubanwa mara moja, ndefu mara mbili. Ikikaa upande kwenye koleo na kutoka imepinda kama ndizi, kata uanze upya.

Kabla ya kwenda upande wa pili, vesha kipande cha mpira cha sentimita tatu. Kisha vesha slivu ya pili, pitisha waya kwenye pete nzima, rudisha, pima. Urefu kutoka pete hadi tundu la ndoana uwe sentimita tano au sita kwa jigi ya sentimita 15. Ukiining'iniza jigi, ncha ya ndoana isivuke nusu ya mwili wake. Ikivuka itakutana na ndoana ya mkiani, zitashikana, na jigi itapanda imejikunja kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Bana, kata kilichozidi, sogeza mpira ufunike slivu ya chini na tundu la ndoana, upashe moto kwa kiberiti cha gesi ukiwa unazungusha. Moto usiguse mpira. Joto lake linatosha. Acha mwisho wa chini wa mpira wazi ili maji yatoke.

Kazi ya mpira ule ni kuipa ndoana mgongo kidogo, isimame pembeni badala ya kulala juu ya jigi. Ukitaka kuua mng'aro wa waya, badala ya mpira mrefu vesha kigwe chenye uwazi ndani kifunike waya wote, ufunge ncha zake kwa uzi na gundi. Kigwe hicho hakibebi chochote, ni kanzu tu. Nguru atakichanachana na waya utabaki, nawe utakivua na kuvesha kingine.

Kuijaribu

Hakuna ndoana inayotoka nyumbani bila kujaribiwa, na hii sehemu tunaisisitiza kuliko zote. Chora mstari wa wino juu ya waya, pale unapoingia kwenye kila slivu. Tundika ndoana kwenye nondo iliyofungwa imara, funga kamba kwenye pete, ning'iniza jerikeni la lita 20 lililojaa maji. Hizo ni kilo 20 na kidogo. Liache dakika moja, halafu linyanyue sentimita kumi na uliachie mara mbili tatu, kwa sababu samaki hatundiki kama jerikeni, anapiga. Simama pembeni, siyo mbele. Ndoana ikiachia inaruka. Kisha angalia mstari wa wino. Ukiwa umesogea hata upana wa uzi, slivu hiyo inateleza na haitaacha kuteleza.

Kilo 20 zinatosha kwa sababu breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, haitakiwi kufika huko. Kwa uzi wa kusuka wa PE (aina ya plastiki) wa unene namba 3 au 4, breki iwe kilo sita hadi nane, ipimwe kwa mizani ya mkono na si kwa kukisia. Aliyebana breki hadi mwisho atavunja kitu, na kitakachovunjika ni kile dhaifu kuliko vyote popote kilipo.

Na hapo ndipo penye kiini cha kazi yote hii. Ukiziba mahali pamoja, udhaifu unahamia mahali pengine. Ukiondoa kigwe na kutia waya, slivu inakuwa ndiyo nyonge. Ukiimarisha slivu, pete ya kufunguka itanyooka. Ukitia pete nene, jicho la jigi litang'oka. Kwa hiyo mfuate samaki kutoka mdomoni hadi kwenye rili, pete kwa pete, uulize kila kimoja kinabeba kilo ngapi.

Mpango wa pete unasaidia sana hapa. Lida, yaani kipande cha mshipi kinachounganisha uzi wa rili na jigi, ifungwe kwenye pete nzima ileile yenye ndoana. Pete ya kufunguka iunganishe pete nzima hiyo na jicho la jigi. Ukitundika hivyo, samaki aliyenasa ndoana ya kichwani anavuta ndoana, waya, pete nzima, lida; jigi imening'inia pembeni kama hereni na pete ya kufunguka haina mzigo zaidi ya gramu zake. Wengi hufunga lida kwenye pete ya kufunguka, mshipi ukajipenyeza katikati ya mizunguko yake na kukatwa. Wakisoma ncha wanaona imekatwa safi, wanamsingizia nguru.

Ndoana ya mkiani, kwa waya wa uzi mmoja

Nguru hupiga mkia kwanza ili chakula kisikimbie. Jigi yenye ndoana ya kichwani peke yake itarudi na alama za meno kwenye rangi ya mkiani, asubuhi nzima, bila samaki. Anayewinda nguru aweke ndoana moja juu na moja chini. Mbili juu na mbili chini kwa waya ni fujo. Ndoana ya meno matatu mkiani nayo tunaikataa: inashika mwamba, inashika lida, na kumtoa samaki mdomoni nayo ni hatari kwa vidole.

Urefu wa waya wa mkiani ni sentimita mbili au tatu tu, na hapo waya wa uzi mmoja unafaa zaidi. Kata sentimita 25. Pitisha sentimita 10 kwenye tundu la ndoana, rudisha bila kuminya kitanzi. Shika kitanzi kwa koleo la mdomo mrefu. Sasa nyaya mbili, ule mrefu na ule mfupi, zipishane kama herufi X, na uzisokote zote mbili pamoja, kila mmoja ukimzunguka mwenzake kwa pembe ileile. Angalia kwa makini: ukiona mmoja umenyooka na mwingine ndio unaouzunguka kama mtambaa, simama, fumua, tupa. Msokoto wa namna hiyo unateleza kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Pata misokoto mitano ya X. Kisha pinda ncha fupi iwe mraba na waya mrefu, uizungushe mara tano, mizunguko imebanana bega kwa bega.

Usikate ncha kwa koleo. Ikunje iwe na umbo la mpini wa kusagia, uipeleke mbele na nyuma. Baada ya mara chache itavunjika yenyewe pale pale penye mzunguko wa mwisho, laini, bila mwiba. Iliyokatwa kwa koleo inaacha mwiba unaokusanya majani ya baharini na kupasua kiganja cha atakayeushika waya huo samaki akiwa karibu na boti. Fanya vivyo hivyo upande wa pili kwenye pete nzima, halafu pete hiyo iingie kwenye pete ya kufunguka ya chini.

Kwa ndoana ya mkiani mzigo wote unapita ndani ya jigi, kwa hiyo jigi yenyewe ikaguliwe. Jigi nzuri ina waya mmoja mzima unaotoka jicho la juu hadi la chini. Jigi za bei ya chini huwa na macho mawili yaliyochomekwa kwenye risasi, kila moja peke yake. Zikivutwa na samaki mwenye kilo 15, jicho la chini linatoka na kuacha tundu. Anayeyeyusha risasi yake mwenyewe na apitishe waya mzima kwenye kalibu kabla ya kumimina, na afanye hivyo nje, upepo ukimtoka mgongoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Kipande cha juu ya jigi

Jigi inaposhuka, lida inalegea na kujikunja jirani na kichwa chake. Nguru akipiga wakati huo anaweza kukata lida bila hata kugusa ndoana. Sentimita 10 hadi 15 za waya wa uzi mmoja zinatosha, zikifungwa kwa msokoto uleule, chini kwenye pete nzima, juu kwenye swiveli, yaani kiungo kinachozunguka, ndogo nyeusi ya kilo 50. Nyeusi, kwa sababu swiveli inayong'aa inapigwa na nguru kama dagaa, na akiipiga anakata juu ya waya wako wote. Kutoka swiveli kwenda juu ni lida ya florokaboni, mshipi usioonekana sana majini, ya ratili 60 hadi 80, mita tatu hadi tano. Usirefushe waya kufika nusu mita ukidhani unaongeza usalama. Jigi inapopinduka inauzingira, waya unapata kona, na kona ile ndiyo itakayokatika.

Wakati wa kuacha waya

Waya una gharama. Ndoana ya waya haifyonzwi kirahisi kama ya kigwe, na maji yakiwa maangavu wakati wa kaskazi, kolekole wanaona na kusita. Siku ambayo unatafuta kolekole au changu, na hakuna jigi iliyorudi na mikwaruzo wala ndoana iliyopotea, tumia kigwe kinene cha ratili 200 kwa raha yako, ukiwa na ndoana mbili tatu za waya tayari. Jigi ya kwanza ikirudi imekatwa mshazari, badilisha papo hapo.

Maji ya Malindi yana ushauri wake. Mto Sabaki unapofurika, maji ya kahawia yanaenea ghubani na mpaka wake na maji ya buluu unaonekana kwa macho. Dagaa hukaa kwenye mpaka ule na nguru huwafuata. Upande wa maji yaliyovurugika waya hauonekani, kwa hiyo tia wa kichwani, wa mkiani na wa juu bila wasiwasi. Siku za bamvua mkondo ni mkali, na mahali pa pima 20 jigi ya gramu 120 haitafika chini wima; panda hadi gramu 200, na ndoana zipande nazo. Siku za maji mafu rudi kwenye jigi nyepesi na waya mwembamba. Na usijaribu vifaa vyako ndani ya mbuga ya bahari ya Malindi iliyotengwa tangu 1968. Humo hakuna kuvua kwa namna yoyote.

Baada ya kila samaki

Samaki akishapanda, kabla ya kurusha tena, pitisha ukucha kwenye waya kutoka ndoana hadi pete. Ukucha unagundua kilichovunjika kabla ya jicho. Kwenye waya wa nyuzi 49 uzi mmoja ukikwaruza ukucha, ndoana hiyo imestaafu. Kwenye waya wa uzi mmoja, kona yoyote ni mwisho wake. Kuinyoosha kwa koleo kunaufanya uonekane mzima huku umeshakatika ndani nusu. Iguse na ncha ya ndoana kwenye ukucha wa gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza ichukue tupa ndogo, mapigo matatu kila upande, kuelekea nchani.

Kumtoa nguru ndoana ni kazi ya koleo refu, sentimita 25 au zaidi, na mtu wa pili ameshika jigi. Hii si ziada. Samaki amenasa ndoana moja, ile nyingine inazunguka hewani pamoja na gramu 150 za risasi, na nguru akijipiga sakafuni itaingia mkononi mwa aliye karibu. Mpige kwanza kichwani atulie, shika jigi, ndipo uguse ndoana. Hata akishakufa usipitishe kidole kwenye taya. Meno yale hukata vilevile.

Jioni osha kila kitu kwa maji baridi ya kisima au mfereji, siyo kunyunyiza, bali kuloweka robo saa. Ndoana ya chuma cha kawaida ikigusana na shaba ya slivu na waya wa chuma cha pua ndani ya chumvi, huliwa ndoana, na huanza kuliwa penye tundu, chini ya mpira, usipoona. Kila baada ya safari nne au tano pasua mpira mmoja kwa kisu uangalie. Ukikuta kutu ya rangi ya chungwa imeingia kwenye tundu, zote zilizofungwa siku ileile zina hali hiyohiyo. Kata ndoana na slivu zote, okoa pete nzima, ufunge nyingine. Zilizobaki zikauke kivulini, kisha zihifadhiwe zimenyooka ndani ya kipande cha mfereji wa plastiki, ncha zimechomwa kwenye sponji kavu, kila moja na nafasi yake.